Baada ya Picha Huja Maneno

Zamani za gari la sinema, watu wa vijijini walianza kukusanyika uwanjani kabla jua halijatua. Wazee walikuja na vigoda vyao, akina mama walikuja na watoto mgongoni, na vijana walisimama nyuma chini ya miti. Shuka nyeupe ilitundikwa, mashine ikawashwa, na mfasiri akashika kipaza sauti akaeleza kila kilichoonekana: huyu ni mkulima mwenye bidii, yule ni mvivu, haya ni maji machafu, na hawa ni wadudu waletao maradhi. Nyingi za picha hizo zilitoka katika idara ya picha za makoloni iliyoanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1939. Hata kabla ya hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, lilikuwako jaribio la picha za kufundishia ambalo makao yake yalikuwa Vugiri, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati ule.

Bwana William Sellers, aliyeiongoza idara ile ya picha, aliamini ya kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha iendayo upesi. Kwa hiyo aliagiza picha ziende polepole, zisiwe na mizungu ya kamera, wala zisiruke kutoka jambo hili hata jambo lile. Maoni hayo yaliandikwa na kuchapishwa. Maoni ya wale waliokaa chini kwenye nyasi hayakuandikwa sana, ijapokuwa hapana shaka walikuwa nayo, na njia nzima ya kurudi nyumbani waliyasema.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu anaweza kuichukua picha nzima katika simu yake, akaitazama shambani wakati wa kupumzika. Katika miji na vituo vya soko yako mabanda ya video, na wako wasimulizi kama DJ Afro, ambao huzichukua picha za nchi za ng'ambo wakazieleza upya kwa Kiswahili cha mitaani mpaka watu wakaanguka kwa kicheko. Wasimulizi hao ndio warithi wa yule mfasiri wa zamani, ila wao hawamtumikii mkuu wa idara. Lakini jambo moja halikubadilika hata kidogo: picha ikiisha, huja maneno. Na katika maneno hayo ndimo iliyomo faida ya picha, au hasara yake.

Yafaa kuyatazama mambo yaliyotokea katika kijiji kimoja cha wakulima wa kahawa, karibu na Mlima Kenya. Wakati wa likizo ya mwezi wa Agosti, karani wa chama cha ushirika aliazima projekta na jenereta, akapata ruhusa ya kutumia ukumbi wa shule ya msingi, na kwa Jumamosi tatu akawaonyesha watu picha tatu zilizopigwa katika nchi ya Kenya. Baada ya kila picha, watu walibaki wakanywa chai na kuzungumza. Miongoni mwa waliobaki kila mara walikuwako mwalimu mmoja wa kike aliyekaribia kustaafu, mkulima mmoja mwenye miti mia nne ya kahawa na ng'ombe watatu, mke wake, na mwana wao wa pili, kijana wa miaka ishirini. Karani alikuwa ndugu wa yule mke, kwa hiyo kijana alimwita mjomba, na mkulima alimwita shemeji.

Haina budi kuelezwa mapema ya kwamba nyumba ile ilikuwa na neno lake. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita. Shuleni alisifiwa sana katika michezo ya kuigiza, naye alitaka kwenda Nairobi kujiunga na kikundi kimoja kinachofundisha vijana kazi hiyo. Karo yake ingelipwa kwa kumwuza mtamba. Baba alikuwa amekataa, tena alimshuku shemeji yake kuwa ndiye aliyemtia kijana maneno hayo kichwani.

Picha ya kwanza iliitwa The First Grader, maana yake mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ilitolewa mwaka 2010, na mwongozaji wake ni Justin Chadwick wa Uingereza. Inasimulia habari za Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi wa Januari 2004, akiwa na miaka 84. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi, na yeye alisema ya kwamba neno la bure kwa wote lilimhusu yeye pia. Mwaka 2005 alipelekwa mpaka New York akasimama mbele ya wakubwa wa dunia akitetea elimu. Alifariki mwaka 2009, kabla picha hiyo haijaonyeshwa.

Taa zilipowashwa, karani alikuwa wa kwanza kusema. "Picha hii si ya kweli," alisema. "Mwalimu Jane amechezwa na Naomie Harris, mzaliwa wa London. Je, katika Kenya nzima hakupatikana mwanamke mmoja wa kucheza mwalimu wa Kikenya?"

Mkulima naye alikuwa na lake. "Mimi nimekwenda Eldoret kununua mbegu," alisema. "Nchi ile ni ya mahindi na ngano. Hapa nimeonyeshwa vumbi na nyasi kavu. Mtu akinidanganya juu ya udongo, nitamwaminije juu ya mambo mengine?"

Mwalimu aliwasikiliza wote wawili mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Mzee, neno lako nimelipokea, kwa kuwa umesema kile ulichokiona kwa macho yako. Bwana Karani, wewe niambie: yule mama alikosea wapi? Ni tendo gani alilolitenda ambalo mwalimu wa Kikenya hawezi kulitenda?"

Karani alifikiri kwa muda. Ilimbidi kukiri ya kwamba hakuona kosa lo lote. Habari za London alikuwa amezisoma kabla ya picha kuanza, naye aliingia ukumbini na hukumu yake mfukoni.

"Swali lako ni zuri," mwalimu alimwambia, "lakini ni la kuulizwa wale waliogawa kazi, maana wako wanawake wengi wa nchi hii ambao wangeweza kuifanya. Halimhukumu yeye aliyeicheza. Mbona hukumtaja Oliver Litondo, aliyemcheza Mzee Maruge? Yeye ni Mkenya, na watu walimjua zamani kwa kusoma habari katika televisheni. Mimi nitawaambia kile nilichokiona. Niliona lango la shule, na wazazi wakisukumana nje pamoja na watoto wao, siku ile karo ilipoondolewa. Mwezi wa Januari 2003 nilisimama kwenye lango kama lile. Watoto walikaa chini, wengine madirishani, na chaki ilikwisha kabla ya juma kwisha. Udongo wa picha si wa Eldoret, nakubali. Lakini lango lile nalijua."

Mkulima akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi udongo ni wa uongo na lango ni la kweli." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesema neno bora zaidi usiku ule. Picha iliyotungwa juu ya mambo yaliyotokea huwa hivyo mara nyingi. Haimlazimu mtazamaji kuikubali yote wala kuikataa yote. Yampasa kuichambua kama mama achambuavyo mchele katika ungo.

Jumamosi ya pili mwalimu alisimama mlangoni akawarudisha watoto nyumbani, wala hakumsikiliza aliyelia. Nchini Kenya iko bodi inayopanga picha kwa umri wa watazamaji. Alama ya GE ni kwa watu wote. PG ni kwa watoto wakiongozwa na wazazi wao. 16 na 18 ni kwa waliotimiza miaka hiyo. Wazazi wengi hawaziangalii alama hizo, na baadaye hushangaa mtoto ameyapata wapi maneno asemayo. Picha ya siku ile ilikuwa na matusi, damu, na mambo ya watu wazima, nayo haikuwafaa watoto.

Picha yenyewe iliitwa Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, na mwongozaji wake ni David Gitonga, Mkenya. Ni habari za kijana wa shamba aitwaye Mwas, anayeuza picha za sinema kijijini na kuwachezea wanunuzi vipande vyake kwa sauti na mikono. Anataka kuwa mchezaji, naye anafunga safari kwenda Nairobi. Hajakaa mjini hata saa chache, ananyang'anywa kila kitu alichokuwa nacho. Anakamatwa na polisi bila kosa, analala mahabusu, na mle ndani anakutana na mtu aitwaye Oti, mkuu wa kundi la wezi. Tangu hapo anaishi maisha mawili: mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, na wakati mwingine yuko pamoja na wale wanaoiba taa na vioo vya magari, mpaka mambo yanakuwa makubwa kuliko taa na vioo.

Safari hii hakuna aliyeharakisha kusema. Watu wote wa kijiji walijua ya kwamba mkulima ameitazama picha ile kwa moyo mzito. Hatimaye karani alianza, naye alisema kwa uangalifu ya kwamba picha ile ilistahili sifa, kwa sababu Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alipewa tuzo ya mchezaji bora katika tamasha la Durban mwaka ule ule. Na tena ilikuwa picha ya kwanza ya Kenya kupelekwa Marekani kushindania tuzo ya Oscar ya picha za lugha za kigeni.

"Shemeji," mkulima alisema, "tuzo ni mali ya aliyepewa. Mimi sikuiona tuzo katika shuka ile. Niliona mtoto wa watu akiinamishwa katika choo cha mahabusu, akisafisha uchafu wa watu wasiomjua kwa mikono yake, nao wanamtazama. Nilijiuliza, baba yake yuko wapi saa hii? Yuko nyumbani, amelala, anadhani mwanawe amefika salama. Hicho ndicho nilichokiona, na baada ya hapo sikuona kingine."

Ukumbi ulinyamaza. Kisha kijana, ambaye kwa desturi hakusema mbele ya baba yake katika mkutano, aliomba ruhusa.

"Baba, nisamehe," alisema. "Mimi nilitazama mahali pale pale. Lakini niliona ya kwamba alipoambiwa asafishe, hakulia wala hakupigana. Aliifanya kazi ile kana kwamba yuko jukwaani, mpaka wale waliotaka kumdharau wakaanza kumtazama kwa namna nyingine. Hakuwa na kitu cho chote mle ndani. Nguo zake zilikuwa chafu, fedha zake zimekwenda. Kilichobaki ni ule mchezo ulio ndani yake, nao ndio uliomwokoa usiku ule."

"Ukamwokoa kwa nani?" baba aliuliza upesi. "Aliyependezwa naye ni Oti. Na Oti ndiye aliyemwonyesha njia ya wizi. Mwanangu, umeona vema, lakini umeacha kuhesabu mapema mno."

Kijana hakupata jibu la upesi, naye alikuwa na adabu ya kutolitafuta. Baada ya kitambo alisema, "Ni kweli, Baba. Lakini na huyu Joseph Wairimu si mwizi. Yeye na wenzake wote tuliowaona ni vijana wa nchi hii waliofanya kazi. Aliyecheza mwizi alikwenda kazini asubuhi akarudi nyumbani jioni."

"Wangapi?" baba aliuliza. "Picha moja huchukua watu wangapi, nayo huwalisha kwa miezi mingapi? Mti wa kahawa nitauhesabia mbegu zake. Huo mti wako nani ameuhesabia?"

Hapo karani alitaka kuingia, lakini mwalimu alimzuia kwa mkono. Alisema, "Baba na mwana wameitazama picha moja, tena wametazama tendo moja, na kila mmoja ameona kweli. Mzee ameona aibu, na kijana ameona ujasiri, na vyote viwili vimo. Swali langu ni moja tu, na wala sitaki lijibiwe usiku huu. Yule kijana alipotea wapi hasa? Je, ni pale alipopenda kuigiza? Au ni pale alipopanda gari? Au ni pale aliposhuka? Kila mtu alale nalo."

Msomaji ataona ya kwamba mazungumzo ya usiku ule yalikuwa makali kuliko ya juma lililotangulia, lakini yalikuwa na heshima zaidi. Sababu yake si ngumu. Mtu asemapo "picha hii ni mbaya," mwenzake aliyeipenda hana la kufanya ila kusema "wewe ndiwe hujui," na ugomvi umeanza. Lakini mtu asemapo "niliona mtoto wa watu akisafisha choo," mwenzake hawezi kumwambia hakuona. Hana budi kurudi pale pale na kutazama tena. Maneno ya namna hiyo huwa kama jiwe la mpaka katika shamba: watu wawili wanaweza kushindana juu ya ardhi, lakini wote wanalijua jiwe lilipo.

Jumamosi ya tatu watoto waliruhusiwa, nao walijaza nusu ya ukumbi. Picha iliitwa Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inasimulia habari za msichana mdogo aitwaye Jo, ambaye ana ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitalini amlete nyumbani. Jo anapenda mno picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu, naye anatamani kuwa mmoja wao. Mama anataka mtoto atulie ndani ya nyumba, akae karibu naye. Dada yake, Mwix, hakubali siku za mtoto ziishe kwa kulala kitandani, naye anawashawishi watu wa kijiji wamsaidie Jo aamini ya kwamba ana nguvu kweli. Mwishowe kijiji kizima kinaingia katika kazi ya kutengeneza picha yake. Picha hiyo ilipoonyeshwa Berlin mwaka 2018, baraza la watoto waliowekwa kuamua liliitaja kwa heshima ya pekee. Mwisho wake hautasemwa hapa, kwa kuwa si adabu kumsimulia mtu mwisho wa picha asiyoiona. Ni sawa na kumnyang'anya mgeni chakula kabla hajanawa mikono.

Watoto walisema kwanza, na walisema vizuri kuliko wakubwa. Mmoja alisema alipenda pale watu wazima walipokubali kufanya mchezo bila kuona haya. Mwingine alisema dada ya Jo alidanganya, na kudanganya ni vibaya hata ukimdanganya mgonjwa. Mwalimu hakuwasahihisha. Aliwauliza tu, "Uliona nini kilichokufanya useme hivyo?" na kila mmoja akajibu.

Wakubwa walipoanza, wengi walimlaumu mama wa Jo. Walisema alikuwa mgumu, alimnyima mtoto furaha, alimfungia. Hata karani alisema hivyo, tena huku akimtazama shemeji yake kwa pembe ya jicho.

Ndipo mke wa mkulima aliposema, na tangu Jumamosi ya kwanza alikuwa hajasema neno. "Mnamwonea," alisema. "Yule mama hakuwa mgumu. Aliogopa. Nilimtazama wakati alipokuwa peke yake, wakati watoto hawamwoni, na uso wake haukuwa wa mtu mkali. Mtu akiogopa kumpoteza mtoto humshika kwa mikono miwili, na mikono miwili humwumiza mtoto. Mapenzi ya namna hiyo nayajua. Yamo katika nyumba yangu." Kisha akainama akachukua kikombe chake. Hakumtazama mume wake, na mume wake hakumtazama yeye.

Karani aliona haya kwa lile tazamo lake la pembeni. Mkulima alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akashukuru, akaenda nyumbani kabla ya wengine.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini kwa karani, ijapokuwa haikuwa siku ya malipo ya kahawa. Alikaa katika kiti cha wageni, kofia magotini.

"Shemeji," alisema, "nimelijibu lile swali la Mwalimu. Yule kijana hakupotea kwa sababu ya kuigiza, maana alikuwa akiigiza kijijini kwake na hakumwibia mtu. Wala hakupotea kwa sababu ya kupanda gari. Alipotea aliposhuka. Alishuka hana mtu wa kumpokea. Hakuwa na mwenyeji. Aliyempokea kwanza ni mnyang'anyi, wa pili ni polisi, na wa tatu ni mwizi. Nimeipitia picha yote kichwani, na sikuona mtu mzima mmoja aliyekwenda pamoja naye kutazama mahali atakapolala."

Karani alisema ya kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameliona jambo hilo, ingawa aliitazama picha ile mara tatu.

"Sasa sikiliza," mkulima aliendelea. "Sijasema ndiyo. Mtamba hauzwi. Lakini kahawa ikiisha kuchumwa, mimi na wewe na yule kijana tutakwenda Nairobi. Nitakiona kikundi hicho kwa macho yangu. Nitauliza wanaofundisha ni akina nani, na waliofundishwa kabla yake wako wapi sasa na wanakula nini. Nitaiona nyumba atakayolala na mlango wake. Wewe una mtoto wa dada yako pale mjini, mwenye kazi. Naye nitamwona, nimwulize kama atakubali kuwa mwenyeji wake. Nikiridhika, tutazungumza habari za mtamba. Nisiporidhika, sitaki kusikia tena neno hilo katika nyumba yangu, wala kwako."

Karani alikubali. Jioni ile kijana aliambiwa, na habari zasema ya kwamba aliinamisha kichwa akasema, "Asante, Baba," kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe, ijapokuwa ilikuwa zamu ya ndugu yake.

Safari yenyewe bado haijafanywa. Kahawa ya msimu mkubwa ingali mitini, na hakuna ajuaye mkulima ataona nini Nairobi, wala atasema nini akirudi. Yawezekana atakataa, na akikataa itakuwa haki yake. Lakini atakataa kwa jambo alilolitazama mwenyewe.

Wako watu wasemao ya kwamba picha za sinema huwaharibu vijana, na wako wengine wasemao ya kwamba ni mchezo mtupu usio na madhara wala faida. Wote wawili wanaipa shuka nyeupe nguvu isiyo yake. Picha ile ile iliyomtia baba hofu ndiyo iliyomwonyesha njia ya kuishika hofu yake vizuri, naye asingeiona njia hiyo kama angerudi nyumbani Jumamosi ile akiwa amesema tu, "Mbaya," na mwanawe amesema tu, "Nzuri."

Basi, msomaji atakapotazama picha mara nyingine, ukumbini, katika banda la video, au katika simu yake chini ya mti, na mwenzake akamwuliza ameionaje, na asijibu kwa neno moja. Amtajie tendo moja alilolitazama, mahali pake, na watu waliokuwapo, kisha amwulize mwenzake kama naye alilitazama, na aliona nini.